Glasi ya Bubbe na Karafuu za Pemba

Mwenzangu uliye na mke, watoto na mama mkwe anayekaa mtaa wa pili, vuta kiti. Kisa hiki nimekibeba tangu Septemba 2025 na sina pa kukitua ila kwako, maana humu ndani kila mtu alikuwamo na kila mtu anakisimulia kwa namna inayomtoa yeye makosani.

Tunakaa Toronto, Kanada, karibu na barabara ya Bathurst, ambako Mayahudi wana masinagogi yao, bucha zao na maduka yao ya mikate. Mimi ni mtu wa Pemba, Mwislamu, mtoto wa mkulima wa karafuu. Mke wangu ni Myahudi, wazee wake walitoka Poland. Nitamwita Mama Kadhi, kwa sababu binti yetu wa miaka tisa ndiye Kadhi wa nyumba hii. Hukumu zote hupita kwake: nani kala cha nani, sufuria ipi ni ya nyama na ipi ni ya maziwa, magharibi imeshaingia au bado. Mdogo wake wa miaka mitano ni Mchwa. Hana maneno mengi, ila ukiacha kitu kizima mezani, ukirudi unakuta sahani.

Halafu yuko Bubbe, mama mkwe wangu. Bubbe ni bibi kwa Kiyidi, lugha ya Mayahudi wa Ulaya ya mashariki. Mama yangu kule Wete, Pemba, aliposikia wajukuu wanavyomwita, alishtuka: "Nyinyi, mama wa watu mnamwita bubu?" Wakaunganishwa kwa simu ya video. Bubbe alizungumza nusu saa hata mate hakumeza, naye Mama anaitikia "ehee, ehee", na lugha hata moja ya kuelewana hawana. Simu ilipokatika Mama akaniambia, "Huyu si bubu." Tangu siku hiyo wanapendana. Watoto wanamwamkia Bubbe shikamoo, naye anaitikia "marahaba" huku ile h akiitoa kooni kama mwenyeji wa Yemen.

Sasa sikukuu yenyewe. Mwaka mpya wa Kiyahudi unaitwa Rosh Hashanah, yaani kichwa cha mwaka. Huingia mwezi unapoandama, na siku yao huanza jua likizama kama yetu, jambo lililonipunguzia tabu nyingi za kuelewana na wakwe. Tofauti ni kwamba Ramadhani yetu huzunguka mwaka mzima, leo kiangazi kesho masika, na wao sikukuu zao hazihami majira, kwa kuwa katika kila miaka 19 huongeza mwezi mzima mara saba. Ndiyo maana mwaka mpya wao daima huangukia Septemba au Oktoba. Huu wa 5786 uliingia magharibi ya Jumatatu, tarehe 22 Septemba 2025. Usiku huo huchovya tofaa katika asali ili mwaka uwe mtamu, na kwa Mayahudi wa asili ya Ulaya ya mashariki, Ashkenazi, meza haijakamilika bila keki ya asali. Kwa Kiyidi wanaiita lekach. Kadhi alinifahamisha kwamba neno kama hilo katika Kiebrania maana yake ni mafundisho mema, na limo katika Mithali, sura ya nne. Nilimwambia nimesikia.

Keki ya asali haipikwi siku ya kuliwa. Asali hushika unyevu, basi keki ikilala siku mbili hulainika na viungo hupata nafasi ya kuingiana. Kwa hiyo safari hii tuliipika Jumamosi usiku, Sabato ikishatoka, kwani Sabato yenyewe haipikwi kitu. Na hapo ndipo karafuu zangu zinapoingia.

Sabato huagwa kwa kinywaji, mshumaa na manukato. Wanaita havdalah, yaani utenganisho: siku tukufu inatengwa na siku za kazi. Kuna kijumba cha fedha chenye vitundu, ndani yake viungo, na kila mtu hupewa anuse. Mara ya kwanza nilipoalikwa, kabla hata ya posa, kijumba kile kilinifikia mkononi, nikakipeleka puani, nikasimama. Ilikuwa karafuu. Nilinusa baraza la kwetu Wete, majamvi yameanikwa juani, bibi zangu wamekaa wanachambua makonyo. Mayahudi wengi hutia karafuu katika kijumba hicho. Wao hawakujua kwamba mgeni wao amekulia chini ya mikarafuu, mimi sikujua kwamba huku kuna watu wanaianza wiki kwa harufu ya kwetu. Mama Kadhi husema hapo ndipo alipojua atanioa. Anasema hivyo hivyo, "nitakuoa", nami baada ya miaka kumi na mmoja nimeacha kumsahihisha.

Basi Agosti binamu yangu alikuja kutoka nyumbani na kifuko cha karafuu za msimu ule, kutoka kwa Mama. Karafuu ya Pemba si neno la kujisifu tu. Mche wenyewe asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ukaletwa kwetu karne ya 19, na Sultani Sayyid Said akahimiza upandwe. Kimbunga cha 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika soko. Punje za kifuko kile zilikuwa nene, nyekundu nyeusi, vichwa vyake havijavunjika. Ukiibonyeza moja kwa ukucha, inatoa mafuta. Nilizitwanga mwenyewe kwenye kinu Ijumaa mchana, nikatia unga wake kwenye kijichupa, nikakiweka kabatini pahala pa chupa ya Bubbe ya karafuu za dukani. Chupa ile ina umri mkubwa kuliko Kadhi. Ukiifungua hainuki kitu, labda kofia.

Na glasi. Lazima nikueleze glasi.

Mama yake Bubbe alifika Kanada mwaka 1948 kwa meli, akashukia Halifax, gati namba 21. Wazazi wake walibaki Poland, waliuawa katika vita, na siku waliyokufa hakuijua mtu. Mayahudi huwasha mshumaa kila mwaka siku aliyofariki mzazi; mshumaa wenyewe huja ndani ya glasi ndogo na huwaka usiku na mchana mzima. Yule mama akachagua siku, akawasha mshumaa wake wa kwanza wa Kanada. Nta ilipokwisha hakuitupa glasi. Aliiosha, ikawa ya chai, baadaye ikawa kipimo. Wamama wengi wa Kiyahudi wamefanya hivyo. Kadi yake ya keki, iliyoandikwa kwa herufi za Kiebrania, haitaji kikombe wala gramu. Inasema glasi: asali glasi moja, mafuta glasi moja, kahawa glasi moja. Glasi hiyo hiyo, moja, kwa miaka sabini na saba.

Jumamosi tarehe 20 ilipofika saa mbili na robo usiku, nyota zimeonekana, kijumba kimezunguka, mshumaa umezimwa. Bubbe akafunga aproni. Mkutano ukaanza.

Kila mtu ana kazi yake. Kadhi ni mlinzi wa sheria: keki lazima iwe parve, yaani isiwe na maziwa wala nyama, kwa sababu itafuata baada ya mlo wa nyama ya ng'ombe. Siagi marufuku, maziwa marufuku, ndiyo maana kuna mafuta na kahawa. Mama Kadhi huvunja mayai. Yai halitupwi moja kwa moja bakulini. Huvunjwa kwanza kwenye kikombe cha kioo, linainuliwa kwenye taa, likiwa na chembe ya damu linatupwa. Mchwa hushika tochi. Mimi huchemsha kahawa na kupasha asali.

Hapo Mchwa akauliza, "Bubbe, nyuki analiwa?"

"Haliwi, roho yangu. Si kosher, sheria yetu hairuhusu."

"Mbona asali yake inaliwa?"

Hili ni swali la wanazuoni wao tangu zamani, na Kadhi alilijua jibu: nyuki hafanyi asali kutoka mwilini mwake, anakusanya utamu wa maua, anaubeba na kuuweka. Bubbe akaongeza yake, Mama Kadhi akaongeza yake, mimi nikataja Sura ya Nahl, ambamo tumeambiwa asali ni ponyo kwa watu, na darasa likanoga. Nilikuwa nimeshika birika. Mjadala ukiwa moto hivyo mkono hufanya kazi wenyewe. Nikachukua glasi kutoka kwenye beseni, imetoka tu kuoshwa kwa maji baridi, nikamimina kahawa ya moto inayochemka.

Ilitoa mlio mmoja mdogo, tik. Ufa ukapanda kutoka chini mpaka ukingoni, kahawa ikaanza kutoka kwa pembeni, na glasi ikagawanyika vipande viwili mkononi mwangu kama ganda la karanga.

Mwenzangu, nimewahi kugonga gari la shemeji. Nimewahi kusahau siku ya harusi yetu. Sijawahi kuona jiko lile limenyamaza vile. Bubbe alikuja, akavichukua vipande, akavisuuza, akavifunga kwenye taulo la jikoni, akaviweka juu ya friji. Hakunilaumu. Hakusema kitu. Mwanamke anayezungumza na chungu, na simu, na basi lililochelewa, hakusema kitu. Nilimwambia, "Mama, nisamehe." Akanipiga piga begani mara mbili, akarudi kwenye bakuli, akaanza kumimina asali kwa macho.

Na ukimya ule ndio uliotuponza.

Kila mtu alikuwa na huzuni yake na kila mtu alitaka kusaidia bila kumsumbua. Nikasoma kadi: karafuu, kijiko kimoja cha chai. Nikafungua kijichupa changu, nikatia kijiko kimoja, nikakirudisha, nikaenda kufuta kahawa sakafuni. Bubbe akakiona kijichupa, akatia kijiko kimoja. Yeye ndiye hutia karafuu kila mwaka, aulize nini? Mama Kadhi alikuwa anapiga mayai kwa kichapio, akageuka, akasoma kadi naye, akatia. Vijiko vitatu vya karafuu za msimu, zilizotwangwa jana yake, katika keki moja. Siku nyingine yoyote watu watatu wangekuwa wanapigiana kelele, "Umetia? Nimetia! Usitie!" Usiku huo tulipishana kwa adabu kama wageni msibani.

Nilipoinamia kadi niliona jambo nililokuwa sijaliona miaka yote. Chini ya kahawa kulikuwa na mstari mmoja umekatwa kwa penseli, na pembeni, kwa mwandiko wa Bubbe, imeandikwa: maji ya machungwa. Nikamuuliza Mama Kadhi kwa sauti ya chini kulikuwa na nini. Akasema, "Wiski. Aliikata wiki ya harusi yetu." Mapishi mengi ya keki hii huwa na tone la pombe. Bubbe aliitoa kwenye kadi ya mama yake ili mkwe wake Mwislamu ale keki ya mwaka mpya bila kuuliza, na katika miaka kumi na mmoja hakunitajia hata mara moja. Mimi ndiye niliyeipasua glasi ya mama huyo huyo.

Magadi soda yakaingia, yakakutana na asali, povu likapanda. Asali ina asidi, na soda ikikutana na asidi huumuka pale pale. Kwa kuwa vipimo vilikuwa vya macho, mchanganyiko ulizidi, na bati lilijaa karibu na ukingo. Oveni ilikuwa nyuzi 325 za Fahrenheit, 160 na kitu kwa za Selsiasi; moto wa chini, kwani asali huungua upesi kuliko sukari. Baada ya dakika ishirini tukaona kupitia kioo: keki imevimba, imefika ukingoni, imefikiri kidogo, ikamwagika. Ikatiririka chini ya oveni, ikaungua, moshi ukatoka, king'ora kikalia. Mchwa akaziba masikio, akalia pia. Jirani wa juu akagonga kwa mguu. Nilipanda kiti nikapepea king'ora kwa mkeka wangu wa kuswalia, ndio uliokuwa karibu. Saa tano kasorobo keki ikatoka, kahawia ya kupendeza katikati, pembeni nyeusi, juu imebonyea kidogo. Tukaifunga, tukalala. Bubbe alilala kwetu, bado kimya.

Jumapili mchana akaja Shemeji, kaka wa Mama Kadhi. Shemeji ni daktari wa meno na mtu wa kuonja. Huingia nyumbani kwa mlango wa jikoni na salamu anatoa mdomo umejaa. Kabla sijamzuia alikuwa amekata kipande kipana, anatafuna, anatikisa kichwa kwa raha. Kisha akaacha kutafuna. Akagusa mdomo wa chini kwa kidole. Akagusa tena.

"Nani amenichoma sindano?"

Tukala wote ili tujue. Utamu wa asali ulikuja kwanza, kahawa ikafuata, halafu karafuu ikaingia kama mgeni mwenye mizigo. Ulimi ukapata ganzi, kisha ufizi, kisha midomo. Kadhi alitaka kusema neno na herufi za midomo zikamkatalia. Mchwa alikula vipande viwili na udenda ukamtoka. Shemeji alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao. Akatueleza kwamba yaliyomo katika mafuta ya karafuu huitwa eujenoli, na kwamba wenzake wa kazi huyachanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda na kutuliza maumivu. "Keki yenu," akasema, akijitahidi na midomo, "ina harufu ya kliniki yangu."

Ndipo hesabu zilipofanyika. Mimi kijiko kimoja. Mama Kadhi kijiko kimoja. Tukamtazama Bubbe. Akainua kidole kimoja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka machozi yakatoka, na machozi yale yalikaa zaidi kidogo kuliko ya kicheko cha kawaida, kila mmoja akaona na hakuna aliyesema. Mama Kadhi akamkumbatia. Alipofuta uso akaanza kuzungumza, na mpaka leo hajaacha.

Tulimpigia Mama kule Wete ili ahukumu. Nikamweleza vijiko vitatu. Alinyamaza, nikadhani mtandao umekatika. "Vijiko?" akasema. "Baba, chungu kizima cha pilau ya watu kumi natia punje sita. Hizo karafuu nimezianika mwenyewe. Mwambie mama wa watu samahani, lakini mimi sikukosea." Bubbe alitaka kujua amesema nini. Nilipomfasiria, akasogea kwenye simu akamwambia Mama kwa Kiingereza kwamba hajapata kuona karafuu kama zile tangu azaliwe. Mama akaitikia, "Ehee."

Usiku huo tulipika nyingine. Kikombe cha kawaida cha kupimia, robo ya kijiko cha karafuu, na mtu mmoja tu wa kuitia, Kadhi, wengine mikono mezani. Jumatatu magharibi tofaa zikachovywa, nyama ikaliwa, keki ikaliwa. Ilikuwa nzuri. Bubbe alisema ilikaribia.

Ile ya kwanza haikutupwa. Ilikatwa ikaingia friza, kwa sababu kuna desturi nyingine. Siku tisa baadaye, mkesha wa Yom Kippur, siku yao ya toba ambayo hufungwa saa ishirini na tano bila chakula wala maji, mtu humwomba mwenzake kipande cha keki ya asali, naye humpa. Maana yake ni kwamba kama mwaka huo umeandikiwa kuomba chakula kwa watu, basi umeshaomba, imekwisha. Jumatano tarehe mosi Oktoba nilikwenda mbele ya Bubbe nikamwambia, "Mama, naomba keki." Akafungua friza, akanichagulia kipande cha vijiko vitatu, kikubwa, akaniwekea mkononi. Nilikila chote nimesimama. Niliswali magharibi midomo ina ganzi.

Jioni hiyo, kabla ya kufunga, aliwasha mshumaa wa mama yake. Uliwaka usiku ule na kesho yake yote, sisi wengine tukipita jikoni taratibu. Alhamisi usiku ulikwisha wenyewe. Ijumaa asubuhi nilimwomba ruhusa, akanipa. Nikaijaza glasi maji ya moto, safari hii kidogo kidogo, nta ya mwisho ikaelea, nikaiondoa. Chini kabisa kulikuwa na kile kibati kinachoshika utambi, kimegandia; nilikikwangua kwa ncha ya kisu karibu robo saa. Nikaiosha kwa sabuni mara mbili, nikaikausha, nikampelekea.

Bubbe akaitia maji, akaiinua usawa wa jicho, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akapunguza maji kidogo. Akaigeuza tena. "Mama alikuwa anaishia hapa," akasema, akaonyesha kwa ukucha. Kadhi akaleta utepe, akaubandika pale pale.

Ile iliyovunjika bado iko juu ya friji, ndani ya taulo. Mpya iko kabatini, karibu na kijichupa cha karafuu, na utepe wake upo kidole kimoja chini ya ukingo.